Ada ya usajili: shilingi yako hulipia nini?

Wafanyabiashara wa Busia na Arua, hapa Uganda, hawachoki kutuuliza: mbona nilipie kuandikisha jina la duka, na kodi nalipa? Wana haki ya kuuliza.

Kodi na ada ni vitu viwili. Ibara ya 152 ya Katiba ya 1995 inakataza kodi yoyote isiyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na mlipa kodi hadai huduma fulani papo hapo. Ada ina kazi yake maalumu: msajili akague jina, aliingize kwenye rejista, alitunze, na yeyote aweze kulitafuta. Kwa kampuni na majina ya biashara, kazi hiyo ni ya ofisi ya usajili, URSB. Leseni ya biashara ni jambo jingine, nayo hutolewa na manispaa au halmashauri yako.

Chukua mashine ya kusaga mahindi. Mwenyewe anaiweka rehani apate mkopo. Tangu sheria ya 2019 kuhusu rehani ya mali zinazohamishika, mkopeshaji huandikisha dai lake kwenye rejista ya mtandaoni ya URSB. Mkopeshaji wa pili akitafuta humo kabla ya kutoa pesa, ataona mashine ina mwenye dai tayari. Ameepuka hasara. Na yule mwenye mashine, ambaye hana kiwanja chenye hati, amekopesheka kwa mali aliyo nayo. Hapo ndipo ninapouona uzito wa rejista.

Pesa yenyewe humlipi karani mkononi. Unatengenezewa namba ya malipo, PRN, katika mfumo wa mamlaka ya mapato, URA, kisha unalipa benki au kwa simu. Anayekudai taslimu bila namba hiyo, usimpe. Malipo huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na Bunge ndilo linaloipangia ofisi bajeti yake. Naunga mkono utaratibu huu, maana ofisi inayojilisha kwa inachokusanya hushawishika kubuni vibali visivyo na maana. Ila Bunge nalo lisiinyime rejista fedha za kuiendesha: mfumo ukikwama, anayeumia ni mwananchi aliyekwisha kulipa.

Linalonisikitisha zaidi ni kampuni kuandikishwa kisha kutelekezwa. Sheria inataka taarifa kila mwaka, na mabadiliko ya 2022 yanataka pia ijulikane nani hasa ananufaika na kampuni. Mkurugenzi amefariki, ofisi imehama, na rejista bado inaonyesha ya zamani. Benki inayoitegemea inapotoshwa. Ada kubwa mno huleta hasara kama hiyo, kwa sababu wadogo hubaki nje na rejista haiwaonyeshi kabisa. Viwango vikipangwa, wachuuzi nao wasikilizwe.

Ukimtumia wakala, tafuta jina mwenyewe kwanza kwenye mfumo wa URSB, kisha mdai karatasi ya PRN. Soma jina lililoandikwa juu yake na malipo yanayotajwa kabla hujatoa pesa.