Karama za Roho: ubishi unaofanyika mahali pasipo pake

Tukisema watu wanabishana kama karama za Roho bado zipo, tumeanza vibaya. Hakuna mwalimu makini anayedai kwamba karama ya kufundisha, ya kuhudumu, ya kukirimu au ya kusimamia ilikoma. Kinachogombaniwa ni fungu dogo tu: unabii, kunena kwa lugha na kuzifasiri, karama za kuponya, matendo ya miujiza, na kwa wengine neno la hekima na neno la maarifa. Zote zimo kwenye orodha ya karama 9 ya 1 Wakorintho 12:8-10. Orodha ya Warumi 12:6-8 ina 7, na humo ni unabii peke yake unaoleta mzozo.

Tena kila upande husingiziwa. Anayesema karama hizo zimekoma hasemi Mungu ameacha kuponya. Wazee wa kanisa lake humwombea mgonjwa kwa Yakobo 5:14 kama wengine wote. Anachokana ni kwamba leo yupo mtu aliyekabidhiwa uwezo huo kama Petro pale mlangoni pa hekalu katika Matendo 3, anayetamka neno na kiwete akasimama. Naye anayesema zinaendelea hajajifunga kumtetea kila anayejiita nabii. Wengi wao wanaamini, bila kusita, kwamba Maandiko yamekamilika na hakuna kitabu cha 67 kinachokuja. Mkutano ukianza bila kukubaliana juu ya mambo haya mawili, afadhali watu waende nyumbani.

Andiko linalotumiwa kuliko yote ni 1 Wakorintho 13:8-12, na kwa maoni yangu ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote. Paulo anasema unabii utabatilika, lugha zitakoma, maarifa yatabatilika, "ijapo ile iliyo kamili". Kwa muda mrefu baadhi ya walimu wa upande wa kukoma wamefundisha kwamba "ile iliyo kamili" ni Biblia ilipotimia. Soma mstari wa 12 uone shida: wakati huo tutaona uso kwa uso, na Paulo atajua kama anavyojuliwa. Tunayo Biblia nzima mkononi na bado hatuoni uso kwa uso. Ndiyo maana wasomi wengi wa upande huohuo, Richard Gaffin akiwa mmoja wao, wanakubali kwamba Paulo anazungumzia kuja kwa Bwana. Wapo wanaosema lugha zingejikomea zenyewe mapema kwa sababu katika Kigiriki kitenzi chake kimegeuzwa namna tofauti na cha unabii. Hoja hiyo ni nyembamba mno kubeba fundisho zima.

Lakini upande wa kuendelea usishangilie haraka. Mstari ukisema karama zitakoma Bwana ajapo, haujasema kila karama itadumu bila kukatika mpaka siku hiyo. Paulo anatofautisha hali ya sasa na hali ijayo. Ratiba ya kila karama haimo humo. Upande huo unaegemea vizuri zaidi 1 Wakorintho 1:7, ambako kanisa halipungukiwi karama huku likingojea kufunuliwa kwa Bwana, na Matendo 2:17-18, ambako Petro anaita kipindi chote tangu Pentekoste "siku za mwisho".

Hoja ya kukoma iliyojengwa kwa uangalifu ilitoka kwa B. B. Warfield, mwalimu wa teolojia wa Princeton, mwaka 1918. Kwake miujiza ilikuwa hati ya utambulisho ya mitume. Walipoondoka, hati iliondoka nao. Ushahidi wake ni 2 Wakorintho 12:12 na Waebrania 2:3-4. Stefano na Filipo, ambao hawakuwa katika wale Kumi na Wawili, walifanya ishara, ila Warfield anajibu kwamba mitume waliwawekea mikono (Matendo 6:6). Jibu hilo linakwama kwa Anania wa Dameski. Huyu anaitwa "mwanafunzi" tu, hakuna mtume anayetajwa kumwekea mikono, naye anamwekea Sauli mikono na macho yake yanafumbuka (Matendo 9:10-18).

Hoja yenye nguvu zaidi iko kwenye Waefeso 2:20. Kanisa limejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, na msingi huwekwa mara moja. Kama manabii ni sehemu ya msingi, kazi yao imekwisha pamoja na ya mitume, na karibu kila Mprotestanti tayari anakubali kwamba mitume wa aina ya Petro na Paulo hawapo tena. Hapa ndipo mtu wa kuendelea anapotakiwa kujibu. Akikwepa, hajajibu kitu.

Hivyo swali halisi ni hili: unabii wa Agano Jipya una mamlaka gani? Ukiwa na mamlaka ya Isaya, basi kila unabii wa Jumapili ni neno la Mungu lisilokosea, na hakuna sababu ya kutouandika pembeni ya Warumi. Ukiwa na mamlaka ndogo, unaweza kuendelea bila kugusa Maandiko, ila uonyeshe Biblia inafundisha wapi unabii wa daraja hilo.

Wayne Grudem, mwanateolojia wa upande wa kuendelea, alijaribu kuonyesha hivyo. Kwake mitume ndio waliorithi mamlaka ya manabii wa kale, na unabii wa makanisani ni taarifa ya kibinadamu ya jambo ambalo Mungu ameliweka moyoni, hivyo linaweza kuchanganyika na makosa. Mfano wake mkuu ni nabii Agabo katika Matendo 21:11. Agabo anajifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo na kusema Wayahudi wa Yerusalemu watamfunga mwenye mshipi huo na kumtia mikononi mwa Mataifa. Ukifika mstari wa 33, anayeamuru afungwe kwa minyororo miwili ni jemadari wa Kirumi, na Wayahudi hawakumkabidhi kwa hiari. Walikuwa wakimpiga wamwue. Grudem anaona kiini ni sahihi na vipengele viwili vimekosewa.

Sikubaliani naye hapa. Paulo mwenyewe, akieleza yaliyompata katika Matendo 28:17, anasema alitolewa Yerusalemu hali amefungwa na kutiwa mikononi mwa Warumi, maneno yanayokaribia sana ya Agabo. Petro naye aliwaambia Wayahudi kwamba walimsulubisha Yesu, hali misumari iligongwa na Warumi. Kumwambia mtu amefanya jambo alilolisababisha ni usemi wa kawaida wa Luka. Tena Agabo alianza kwa "Roho Mtakatifu asema hivi". Kumfanya mtu huyu kielelezo cha unabii wenye makosa ni kuchagua shahidi mbaya.

Wapo mashahidi bora zaidi. Binti wanne wa Filipo walitabiri (Matendo 21:9) na hakuna neno lao hata moja lililoandikwa. Korintho manabii walinena kila kusanyiko na Mungu hakuona haja ya kutuhifadhia. Hivyo hata wakati wa mitume ulikuwepo unabii ambao haukuwa sehemu ya Maandiko. Wanafunzi wa Tiro walimwambia Paulo kwa Roho asipande kwenda Yerusalemu (Matendo 21:4), naye akapanda, wala Luka hamlaumu. Gaffin atajibu kwamba neno lisiloandikwa bado laweza kuwa neno lisilokosea. Ni kweli. Lakini 1 Wathesalonike 5:20-21 inaagiza unabii usitwezwe na papo hapo ujaribiwe, lililo jema lishikwe, kana kwamba ndani yake mna la kushika na la kuacha. Kwangu hapo ndipo upande wa kuendelea unaposimama imara, kuliko kwa Agabo.

Historia haimpi mtu ushindi. Askofu Irenaeo, mwishoni mwa karne ya 2, anawataja ndugu wenye karama za unabii na wanaonena lugha za kila namna. Karne ya 4 mhubiri Yohana Krisostomo anasema sura ya karama ni ngumu kueleweka kwa sababu mambo yake hayatokei tena. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alianza kwa kusema miujiza ile haikuruhusiwa kudumu, kisha uzeeni akahesabu karibu taarifa 70 za uponyaji zilizoandikwa Hippo katika muda usiofika miaka miwili. Kila upande huchukua nusu ya Augustino.

Kuhusu lugha, Wapentekoste wa mwanzo, wa Topeka mwaka 1901 na wa mtaa wa Azusa jijini Los Angeles mwaka 1906, kote Marekani, wengi waliamini wamepewa lugha halisi za kupeleka injili. Baadhi yao walisafiri ng'ambo bila kujifunza lugha ya huko, wakakuta hawaelewani na mtu. Mwaka 1972 mwanaisimu William Samarin alichapisha uchunguzi wa maneno ya kunena, akaona yana sauti za lugha anayoijua mnenaji lakini hayana muundo wa lugha. Leo wengi upande huo husema lugha za 1 Wakorintho 14 ni za maombi, tofauti na za Matendo 2. Huenda ikawa hivyo, lakini ni hoja iliyoimarika baada ya ile ya kwanza kushindwa, na mtetezi mkweli husema hivyo waziwazi.

Kama kanisa lenu limeamua kwamba karama zinaendelea, 1 Wakorintho 14:27-33 inakuwa sheria, na ndiyo huvunjwa kwanza. Wanenao kwa lugha ni wawili, wakizidi sana watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, mnenaji anyamaze kanisani na aseme na Mungu moyoni. Maana yake mfasiri ajulikane kabla, kwa sababu mkisubiri kuona kama atatokea, mmeshavunja agizo. Kusanyiko zima kunena kwa pamoja kwenye kipaza sauti halipatikani kokote katika sura hiyo. Manabii nao ni wawili au watatu, na wengine wapambanue. Mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, wa kwanza anyamaze. Udhuru wa kwamba "Roho alinizidi nguvu" umefungiwa mlango na mstari wa 32: roho za manabii huwatii manabii.

Kupambanua ndiko kunakorukwa kabisa. Unabii hutolewa, watu hupiga makofi, wimbo huanza. Weka nafasi ya kupima hapohapo, hata dakika tano. Je, neno hili linapingana na Maandiko? Linamwinua Kristo au aliyelinena? Linajenga, linafariji, linatia moyo, kama mstari wa 3 unavyotaka? Maneno ya nani amwoe nani, nani auze shamba, au nani ametuma uchawi yasipite madhabahuni kamwe bila wazee kuyapima kwanza. Kishazi "Bwana asema hivi" kiachwe. Anayekubali kwamba unabii wake hupimwa hana haki ya kuuvika joho la Isaya.

Na kama kanisa lenu limeamua zimekoma, mstari wa 39 wa sura hiyo ya 14 bado unasema msizuie kunena kwa lugha. Mtu atasimama siku moja na kunena, na mzee wa zamu anahitaji jibu lenye sababu kutoka Waefeso 2:20. Kumtoa nje kwa mabavu hakumwelezi kitu.

Karama za kuponya ndizo zinazojeruhi zaidi zikitumiwa vibaya, na dawa yake imo katika nyaraka zilezile. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na Epafrodito alikaribia kufa kwa ugonjwa. Hakuna kati yao aliyeambiwa imani yake ni ndogo. Mhubiri anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani azuiwe kabla hajamaliza sentensi. Na unabii wowote wenye tarehe au tukio linaloweza kukaguliwa uandikwe siku hiyohiyo, ukiwa na jina la aliyenena. Muda ukipita bila kutimia, usomwe tena mbele ya kusanyiko lilelile lililoupigia makofi.