Mtu mwenye nia safi akibisha hodi ili aingie Uyahudi, je, marabi wanalazimika kumpokea?

Wengi wamesikia kwamba rabi humfukuza mara tatu anayetaka kuingia Uyahudi. Hiyo ni desturi tu. Inatokana na Naomi kumwambia Ruthu "rudi" mara tatu. Sheria yenyewe imo katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, kitabu cha Yevamoti, ukurasa wa 47.

Pale mwombaji anaulizwa: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Waisraeli wanateswa na kudharauliwa? Akijibu, "Najua, na wala sistahili," anapokewa papo hapo. Anaelezwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito, pamoja na masazo ya mavuno wanayoachiwa maskini, lakini haruhusiwi kulemewa kwa maelezo. Mwanamume anatahiriwa bila kungoja, kwa kuwa amri haicheleweshwi, na kidonda kikipona anazamishwa majini mara moja. Wanaosema kupokea ni wajibu hushikilia neno "amri": ikiwa ni amri, basi baraza la marabi linawajibika kumpokea.

Upande wa pili, Yevamoti 109 inasema baya juu ya baya huwapata wanaopokea waongofu. Watosafoti, wafafanuzi wa Talmudi wa zama za kati, walizipatanisha kauli hizo: lawama ni kwa anayeshawishi watu au kupokea ovyo, ila mwenye kushikilia nia yake apokewe. Ushahidi wao ni Timna. Alikataliwa na Abrahamu, Isaka na Yakobo, akaishia kuwa suria wa Elifazi mwana wa Esau, akamzaa Amaleki.

Kwa maoni yangu wajibu upo, ila umefungwa kwenye neno "safi", na anayepima usafi huo ni baraza. Yosef Karo, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 16, alisema yote yategemea baraza linavyoona. Ndiyo maana marabi wa Wayahudi wa Syria huko Brooklyn waliweza kufunga mlango kwa azimio la mwaka 1935, na ndiyo maana Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi ya Mbale, Uganda, waliopokewa mwaka 2002 na baraza la Kikonsavativu, mkondo wa Uyahudi wenye msimamo wa kati, bado hawatambuliwi na marabi wengi wa Kiothodoksi, mkondo mkali zaidi.

Mambo huharibika wapi? Kukubali kushika amri lazima kuwe mbele ya waamuzi watatu, mchana. Kukikosekana hilo, kazi yote ni bure. Kuzama usiku mbele ya wawili ni kosa, lakini kukishafanyika kunakubalika. Mikve, yaani bwawa la kuzamia, iwe na sea 40 (kipimo cha kale) za maji ya mvua au chemchemi, kama lita 330 kwa kipimo kidogo, zaidi ya 700 kwa wanaojihadhari. Maji ya ndoo hayafai. Pete na rangi ya kucha vitolewe, na usibaki unywele juu ya maji. Aliyekwisha tahiriwa, kama wanaume wengi wa pwani yetu, hutolewa tone moja la damu.

Ukali huo wote uko mlangoni kwa sababu ndani hakuna njia ya kutokea. Aliyeingia kisha akarudia dini yake ya zamani huhesabiwa Mwisraeli aliyeasi, na akioa mwanamke wa Kiyahudi ndoa yake inashika, hata ikigundulika alikuja kwa ajili ya mchumba.