Tafuta kauli ambayo haijasemwa

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliorodhesha aina 13 za makosa ya hoja: 6 zinazotokana na lugha na 7 zisizotokana nayo. Orodha za siku hizi ni ndefu zaidi, na wanafunzi wengi huzikariri. Mimi nasisitiza kwanza kuivua hoja nguo.

Anza na hitimisho, yaani kile unachotakiwa ukubali. Kwenye mazungumzo mara nyingi hutangulia, sababu zikafuata baada ya "maana" au "kwa sababu". Tenga sababu hizo. Kisha andika ile kauli ambayo msemaji hakuitamka, ila bila hiyo hoja haisimami. Kosa hujificha humo mara nyingi sana.

Chukua hii: "Nimetumia dawa hii, siku ya tatu mafua yakaisha, kwa hiyo inatibu." Kauli iliyofichika ni kwamba mafua yasingeisha bila dawa. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Tena watu hukimbilia dawa wanapozidiwa, wakati ambao nafuu iko karibu kuja. Ili kujua, lazima uwatazame pia waliougua vilevile na hawakuitumia.

Kosa jingine hupita kirahisi kwa sababu linafanana na hoja sahihi: "Mwenye hatia akihojiwa hutetemeka. Huyu anatetemeka. Basi ana hatia." Acha umbo libaki vilevile, badilisha maneno tu: mvua ikinyesha barabara hulowa, barabara imelowa, basi mvua imenyesha. Bomba likipasuka je? Sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli na hitimisho likawa uongo, kwa hiyo umbo lenyewe ni bovu. Ukisema barabara ni kavu, basi mvua haijanyesha, hapo hoja inashika. Jaribio hili la kubadilisha maneno ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Wanaotabiri maafa kwa mnyororo wa "hili litaleta lile", wahesabie viungo. Hata kila kiungo kikiwa na uwezekano wa asilimia 80, vinne mfululizo hubakiza takriban asilimia 41.

Kumshambulia msemaji badala ya hoja yake ni kosa, ila si kila mara. Kama ushahidi pekee ni neno lake ("niliona kwa macho yangu"), uaminifu wake unahusika kabisa. Akileta hesabu, kagua hesabu; tabia yake haibadilishi jumla.

Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako mpaka aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Bila hivyo ni rahisi mno kupinga kitu ambacho hakukisema. Na ukigundua kasoro, usimtajie jina la kosa hilo, maana atajitetea yeye badala ya hoja. Itamke ile kauli iliyofichika kisha umuulize: "Hili nalo tunalijuaje?"