FLAC nayo imebanwa

Kwenye vibanda vya Ngamiani, hapa Tanga, ambako vijana hujaziwa nyimbo kwenye flashi, ombi la wapenzi wa muziki wa gemu limekuwa lile lile: "Nipe usiobanwa, nipe FLAC," ambayo ni aina mojawapo ya faili za sauti, kama ilivyo MP3. Mwenye kibanda huitikia, hunakili, na wote wawili huachana wakiamini kwamba sauti ziko za namna mbili, iliyobanwa na isiyobanwa, na kwamba FLAC ni hiyo ya pili. Sivyo, na kwa kuwa imani hiyo husafiri pamoja na flashi zenyewe, yafaa iwekwe sawa.

Maana kwanza, kwa ufupi. Kubana faili la sauti ni kulihifadhi kwa baiti chache kuliko ilivyokuwa. Kuna kubana kusikopoteza, ambako faili likifunguliwa unaipata sauti ile ile, namba kwa namba. Na kuna kubana kunakopoteza, ambako unapata sauti inayofanana na ya awali lakini si ile. FLAC imo katika kundi la kwanza, MP3 katika la pili. Faili ambalo kwa kawaida halijabanwa kabisa ni WAV. Kwa kipimo cha CD, yaani sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, chaneli mbili, wimbo wa dakika 4 katika WAV hula takriban megabaiti 42. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huushusha chini ya megabaiti 10. FLAC huangukia katikati, mara nyingi kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV, na upungufu huo ndio ushahidi wa wazi kwamba imebanwa.

Anayekaa karibu na mashamba ya mkonge ataelewa upesi. Jani hupitishwa kwanza kwenye mashine iitwayo korona, ikakwangua nyama yote na kubakiza nyuzi, ambazo ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani. Kisha nyuzi zikishakauka hushindiliwa ziwe marobota. Robota likifunguliwa ng'ambo, nyuzi ni zile zile zilizofungwa, lakini jani halirudi tena. MP3 imepita kwenye korona: hutumia udhaifu wa sikio letu, ikatupa sauti hafifu zinazofunikwa na zile kali. FLAC hushindilia tu: hukisia kila sampuli kutokana na zilizotangulia, kisha huandika tofauti kati ya kisio na ukweli, na kwa kuwa tofauti hizo ni namba ndogo, nafasi huokolewa bila kutupwa kitu.

Linalosumbua zaidi ni hili la kudhani kwamba kutopoteza ni cheo cha ubora. Ni sifa ya hatua moja tu, ile ya kuingia na kutoka kwenye FLAC, wala haisemi lolote juu ya yaliyoipata sauti kabla ya hapo. Ndani ya faili la FLAC, mwanzoni kabisa, huhifadhiwa alama ya MD5, yaani namba fupi inayokokotolewa kutokana na sauti iliyopokelewa, ili baadaye programu iweze kuhakikisha kwamba kinachotoka ndicho kilichoingia. Chukua MP3 ya kilobiti 128, igeuze kuwa FLAC, kisha ihakiki: itafaulu bila dosari, kwa maana imetunza kwa uaminifu mabaki ya korona, tena kwa megabaiti nyingi zaidi. Ukilifungua faili hilo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kutazama spektrogramu yake, yaani picha ya masafa ya sauti, mara nyingi utaona masafa ya juu yamekatwa kama kwa rula, karibu na kilohezi 16, na juu ya hapo ni giza tupu.

Kwenye muziki wa gemu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mara nyingi gemu lenyewe ndilo lililokwangua. Minecraft huhifadhi muziki wake kwa Ogg Vorbis, ambayo hupoteza kama MP3; anayeuchomoa humo na kuugeuza FLAC hakuongeza kitu, ilhali albamu iliyouzwa na mtunzi mwenyewe kwa FLAC ni habari nyingine. Mashine ya gemu ya Super Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1990, ilikuwa na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64 tu, na ala zake zilibanwa kwa kupoteza, kila sampuli 16 zikiingizwa ndani ya baiti 9. Hapo kuudai muziki "usiobanwa" ni kudai kitu ambacho mchezaji hakuwahi kukisikia. FLAC nzuri itakupa kwa ukamilifu ule mkwaruzo wa mashine yenyewe, ambao kwa maoni yangu ndio utamu wake.

Tena kuna tofauti moja inayosikika hata kwa spika ya bei nafuu, nayo haitajwi kabisa vibandani. MP3 hugawa sauti kwa vipande vya sampuli 1,152, na huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Baadhi ya programu hukikata kimya hicho, nyingine hukiacha, na muziki wa gemu uliotungwa ujirudie bila mshono hukwama kidogo kila unapoanza upya. FLAC hutunza idadi kamili ya sampuli.

Kwa hiyo mwenye bando dogo na spika za masikioni za Bluetooth, ambazo kwa kawaida huibana sauti tena kwa kupoteza, achukue MP3 ya kilobiti 320 bila kujiona mnyonge. Anayetaka kuhifadhi, au kugeuza baadaye kwenda muundo mwingine, achukue FLAC, na kabla ya kulipa amuulize mwenye kibanda kwa upole: hii, kabla haijawa FLAC, ilikuwa nini?