Dual chaneli ni nini, na RAM ya 4 inakaa na ya 8?

Hili swali haliishi kuulizwa. Laptopu ina RAM (memori inayoshika kazi zilizofunguliwa) ya GB 4, sloti ya pili iko wazi, umepata ya GB 8 ila kampuni sio ile ile, je ukichomeka itaunguza kitu? Haiunguzi. Mara nyingi inawaka, inaona GB 12 zako zote na kazi inaendelea. Ila kuna mambo ya kuelewa kabla hujatoa hela, na la kwanza ndo hiyo dual chaneli ambayo mafundi wanaitajataja bila kuifafanua.

Prosesa inaongea na RAM kupitia njia, na njia moja inapitisha biti 64 kwa mpigo. Ukiwa na RAM moja unatumia njia moja. Ukiweka mbili, kila moja na njia yake, prosesa inazitumia zote kwa pamoja, zinakuwa biti 128, kama lori lililokuwa linashushwa mzigo kwa nyuma tu sasa limefunguliwa na ubavuni. RAM ya kizazi cha DDR4 yenye spidi ya 2400 ikiwa peke yake mwisho wake kwenye karatasi ni GB 19.2 kwa sekunde, zikiwa mbili ni 38.4. Mtu wa Word na WhatsApp Web hataona tofauti ya maana hapo. Anayeiona ni wa magemu au wa kuediti video, hasa kwenye laptopu ambayo haina kadi ya grafiki ya pembeni, kwa sababu grafiki iliyo ndani ya prosesa haina memori yake, inakopa kwenye hiyo hiyo RAM.

Haya, 4 na 8. Prosesa za Intel zina kitu kinaitwa flex mode: zinachukua GB 4 za huku na GB 4 za kule, hizo 8 zinaenda dual chaneli, halafu GB 4 zilizobaki zinatembea na njia moja. Kwa hiyo anayekwambia zisipolingana dual chaneli hamna kabisa, kakosea nusu. Mimi ukinipa 4+4 zinazofanana kila kitu na 4+8 za kuokoteza nachukua 12 bila kuuliza, maana RAM ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na hapo hata SSD haifui dafu mbele ya RAM, na kama bado uko na hard disk ya kuzunguka basi pole sana.

Spidi nayo isikutishe. Kila RAM ina chipu ndogo inayojieleza uwezo wake, BIOS (programu ya kwanza kabisa inayoamsha mashine) inaisoma wakati wa kuwaka halafu inachagua spidi ambayo wote wanaiweza, yaani mwenye mbio anamsubiri mwenzake. Na prosesa ina kikomo chake pia. HP EliteBook 840 G3, hizi used zimejaa madukani, yenye i5 ya kizazi cha 6 mwisho wake 2133, ukiiwekea ya 3200 itashuka tu hadi 2133. Itafanya kazi, ila usikubali kuongezewa bei kisa spidi.

Kisichochanganyika ni kizazi cha RAM. SODIMM (RAM ya umbo la laptopu) ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na kile kijipengo kilicho kati ya pini kimekatwa sehemu tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Mtego wenyewe uko kwenye DDR3 na DDR3L, maana hizi umbo ni moja na zinaingia vizuri kabisa, lakini ya kwanza inataka volti 1.5 na ya pili inaenda na 1.35. Laptopu za Intel kizazi cha 4 zinataka hiyo yenye L. Ukiweka isiyo na L skrini inabaki nyeusi na mtu anaanza kuambiwa madabodi imekufa! Angalia stika: PC3L ni sawa, PC3 tupu achana nayo. Kinyume chake haina shida, PC3L inakubali hata kwenye laptopu ya volti 1.5.

Kabla ya kununua hakikisha sloti ipo kweli. ThinkPad X240 na X250 zina sloti moja tu, hapo dual chaneli isahau, unatoa ya zamani unaweka kubwa. T480s ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi pamoja na sloti moja, wakati T480 ya kawaida ina mbili. MacBook Air zote zimechomelewa, hamna cha kuongeza. Fungua mfuniko, piga picha stika ya RAM iliyomo, nenda nayo dukani.

Ukishafunga, Task Manager kwenye Performance halafu Memory itakuonyesha spidi na sloti zinazotumika, ila kama ni dual au single utaijua kwa programu inaitwa CPU-Z. Ukikuta Windows inatumia chini ya 4 wakati umeweka 12, uwezekano mkubwa ni Windows ya biti 32, ambayo haivuki hapo. Na kuna RAM mbili ambazo hazipatani tu, laptopu inawaka vizuri halafu inaleta skrini ya bluu ukiwa katikati ya kazi: washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, ilale inapima usiku kucha, ikitoa makosa pima moja moja, na kama kila moja peke yake iko safi basi rudisha hiyo mpya ukabadilishiwe.