Noti za benki za kitaifa za Marekani: anza na jina la mji

Mtu anaponiletea noti kuukuu ya benki ya kitaifa ya Marekani, kwa kawaida hunionyesha kwanza mwaka ulioandikwa juu yake, akiamini kwamba kadiri noti ilivyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Nami humwomba anisomee jina la mji.

Kati ya 1863 na 1935, maelfu ya benki binafsi zenye kibali cha serikali kuu ziliruhusiwa kutoa noti zenye majina yao, baada ya kuweka hatifungani za serikali kwenye Hazina kama dhamana. Benki kubwa ya New York au Chicago ilitoa noti nyingi mno, ilhali ile ya kijiji cha wakulima ilitoa chache, na karibu zote zikarudi Hazina kuharibiwa. Ndiyo maana noti mbili za dola 10 za toleo la 1902, zote zenye sura ya William McKinley, rais wa zamani wa Marekani, hutofautiana hasa kwa jina la benki na mji wake, lakini moja ikauzwa kwa makumi ya dola na nyingine kwa maelfu. Zinazogombewa zaidi ni zile zilizochapwa majina ya maeneo ambayo wakati huo yalikuwa bado hayajawa majimbo, kama Arizona kabla ya 1912.

Baada ya mji, natazama saini. Noti zilifika benki zikiwa karatasi nzima zisizokatwa. Keshia na rais wa benki walitia saini, kisha zikakatwa papo hapo, mara nyingi kwa mkasi, hivyo kingo zilizopinda kidogo hazinitii shaka. Ninachohofia ni wino: saini nyingi zilitiwa kwa kalamu au mhuri wa mpira, nazo hufifia upesi kuliko maandishi ya mtambo.

Mteja wangu mmoja alirithi noti ya dola 5 ya toleo la 1882, ile ambayo mgongo wake wa kahawia una namba ya kibali cha benki kwa tarakimu kubwa za kijani. Kwa nia njema kabisa aliifua kwa sabuni, akaipiga pasi. Karatasi ilikuwa imelegea kama kitambaa, na mahali pa saini ya keshia palibaki weupe mtupu. Serikali ya Marekani ingali inaitambua kwa dola zake 5; wakusanyaji niliowaonyesha waliirudisha mezani bila kutaja bei.