Bellini ya Nyumbani: Mwenye Shughuli ni Pichi

“Bila shampeni hakuna Bellini.”

Hii ndiyo naisikia kila mara, na ndiyo inayomaliza watu hela. Bellini, kinywaji cha rojo la pichi na divai ya mapovu, ilizaliwa Venice, Italia, ndani ya Harry's Bar, baa ndogo jirani na uwanja wa San Marco. Divai yake tangu zamani ni Prosecco, ile ya mapovu inayotoka huko huko kaskazini-mashariki mwa Italia. Shampeni hupata mapovu ndani ya chupa, ikikaa miezi na miezi pamoja na hamira yake, ndiyo maana ina ladha fulani ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Prosecco nyingi huchachuka mara ya pili kwenye tangi kubwa lililofungwa, kwa muda mfupi zaidi, hivyo hubaki na harufu ya matunda. Ukimimina shampeni nzuri juu ya pichi, umenunua ladha ya mkate kwa bei mbaya kisha ukaifunika na tunda. Hasara tupu.

Dukani tafuta chupa iliyoandikwa Brut. Ile ya Extra Dry huwadanganya wengi kwa jina lake: wanadhani ndiyo kavu kabisa, yaani isiyo tamu, kumbe ina sukari kuliko Brut.

“Harry ndiye aliyeibuni.”

Wala. Harry Pickering alikuwa kijana Mmarekani aliyeishiwa fedha Venice. Mhudumu wa baa ya hoteli, Giuseppe Cipriani, akamkopesha lira 10,000. Baadaye Pickering alirudi, akalipa deni na nyongeza nono, na kwa fedha hizo Cipriani akafungua baa yake mwaka 1931 akaipa jina la mdeni wake. Kinywaji alikibuni Cipriani mwenyewe, na jina akalichukua kwa Giovanni Bellini, mchoraji wa Venice wa karne ya 15.

“Juisi ya boksi inatosha.”

Inatosha kupata kitu kitamu, sikatai, ila Bellini hujaipata. Cipriani alitumia pichi nyeupe zilizoiva, tunda la kiangazi cha Italia, ndiyo maana mwanzoni kilikuwa kinywaji cha msimu. Kwetu pichi (wengine husema fyulisi) hushuka kutoka milimani kama Lushoto, na ukikosa nyeupe, ya njano itafaa. Ladha yake ni kali kidogo na rangi itaelekea kwenye embe badala ya ule uwaridi hafifu.

Chagua lile linalobonyea kidogo ukiligusa kwa dole gumba na linalonukia kabla hujalifikisha puani. Litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, ulihamishie kwenye maji baridi, na ganda litavuka lenyewe. Toa kokwa, kisha sugua nyama yake kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka upate rojo laini. Blenda ni rahisi, ila huingiza hewa na rojo likajaa povu. Tia matone machache ya limau mara moja, maana pichi huanza kugeuka kahawia ukiwa bado unafuta mikono. Weka kwenye friji lipoe sawasawa.

“Tikisa ichanganyike.”

Mimi nilitikisa. Mara yangu ya kwanza niliweka rojo na divai kwenye chupa ya kachumbari, nikafunga kifuniko, nikatikisa kama dawa ya kikohozi. Kifuniko kilipolegea, nusu ya kinywaji ilikuwa kwenye pazia, na iliyobaki ilikuwa juisi ya pichi iliyokufa, haina hata povu moja.

Gesi ile imelazimishwa kukaa ndani ya divai, na inatafuta upenyo wa kutoka. Vijichembe vya tunda huipa upenyo huo, hata bila kutikisa. Kwa hiyo weka rojo kwanza, mililita 50 kwa glasi. Inamisha glasi, mimina divai baridi kidogo, subiri povu lishuke, endelea hadi mililita 100. Koroga mara moja tu, polepole, kutoka chini kwenda juu. Chupa moja ya mililita 750 itakupa glasi 7.

Na kizibo kisilie “paa!” kama kwenye harusi. Chupa hiyo ina mgandamizo kuliko tairi la gari. Shika kizibo kwa nguvu, zungusha chupa, na kitoke kwa pumzi ndogo.

“Kijiko cha fedha mdomoni mwa chupa hutunza mapovu.”

Hakitunzi chochote. Kinachosaidia ni kizibo cha kubana na friji, kwa sababu divai baridi huachia gesi taratibu.

“Juisi inaua pombe.”

Inaizimua tu. Prosecco ya asilimia 11 ikichanganywa kwa vipimo hivyo inakuwa na asilimia 7 na ushei, lakini pombe yote ya ile mililita 100 bado imo kwenye glasi. Tatizo ni kwamba inateleza kama juisi, na glasi ya tatu hufika kabla hujamaliza kuihesabu ya pili. Aliyekuja na gari ajue hilo mapema.

Rojo likibaki, watoto na wasiokunywa pombe wamiminiwe maji ya gesi juu yake, kwa vipimo vilevile. Nyumbani kwangu jagi hilo ndilo huisha kwanza.